Mbona Makindu Ulikula?

Nilikosoma mimi, Tanga, kipindi cha dini kilikuwa kipindi cha kutengana. Ustadhi anaingia darasani, katekista anangoja chini ya mwembe, na sisi tunagawanyika: Waislamu hapa, Wakristo kule. Kipindi kikiisha tunarudi kwenye hesabu, wala hakuna anayemuuliza mwenzake kafundishwa nini. Haja ilikuwa haipo. Mama jirani yetu, Mkristo, alikuwa akiusaka mwezi wa Ramadhani kutushinda sisi, maana vitumbua vyake vya futari viliutegemea.

Sasa nafundisha darasa la nne mjini Leicester, Uingereza, watoto wa miaka minane na tisa, na huku hatoki mtu. Wote wanakaa chumba kimoja, dini zote zinapita mbele yao, na anayezisema zote ni mimi.

Somo hili lina mambo yake. Ni la lazima tangu Sheria ya Elimu ya 1944, lakini halimo kwenye mtaala wa taifa. Kila eneo hutunga mtaala wake, walimu, madiwani na watu wa dini wakikaa meza moja. Tangu Sheria ya 1988, mtaala huo unatakiwa utambue kwamba dini za nchi hii kwa sehemu kubwa ni za Kikristo, bila kuziacha dini nyingine kuu. Kisha mwaka 2018 tume moja ikapendekeza somo liitwe Dini na Mitazamo ya Ulimwengu, ili na wasio na dini wajikute ndani. Katika sensa ya 2021 asilimia 37.2 ya watu wa Uingereza na Wales walisema hawana dini. Leicester yenyewe, Wakristo asilimia 24.7, Waislamu 23.5, Wahindu 17.9. Baadhi ya Wahindu hao ni waliofukuzwa Uganda mwaka 1972, halmashauri ya hapa ikatoa tangazo kwenye gazeti la kule kuwaambia wasije. Walikuja. Asubuhi getini kuna bibi hunisalimia, "Mwalimu, umeamkaje?" kwa Kiswahili cha Kampala.

Kilichonitesa mimi ni neno "sisi". Mwalimu anatakiwa aseme "Waislamu wengi huamini", si "tunaamini". Mwaka wangu wa kwanza, nilipofika kwenye kuzaliwa kwa Mtume, mdomo ukajiendea wenyewe ukamswalia. Mkono ukanyooshwa: "Mwalimu, umesema nini hapo?" Niliganda pale ubaoni kama mwanafunzi aliyekamatwa na kikaratasi cha majibu kwenye mtihani. Nikawaeleza. Somo nililoandaa siku ile silikumbuka tena.

Na kuna yule mvulana aliyesema, "Sisi nyumbani si chochote." Nikamuuliza bibi yake alipofariki walifanya nini. Walipanda waridi, akasema, na kila mwaka siku ile wanakwenda kunywa chai pembeni yake. Binti mmoja wa Kihindu akamgeukia: "Na yeye mnamwachia kikombe?" Mvulana akafikiri sana. Akasema atamuuliza mama.

Kwa Masingasinga tuna sanduku la vifaa: bangili ya chuma, kitana cha mbao. Kitana kile huitwa kangha, na mimi kila nikilitamka naona kanga za mama yangu kwenye kamba. Watoto hawajui kwa nini mwalimu anatabasamu.

Safari ya gurdwara, hekalu la Masingasinga, ndiyo iliyoleta baba mmoja shuleni, mtu wa Mombasa. Sheria inampa mzazi haki ya kumtoa mtoto kwenye somo hili. Hata mwalimu anaweza kukataa kulifundisha. Hakutaka kuongea na mwalimu mkuu, alinitaka mimi.

"Dada, wewe Muislamu mwenzangu. Mwanangu akainame kwa Kalasinga?"

"Hainami, kaka. Anavua viatu, anafunika kichwa, anakaa chini, anasikiliza. Kisha wanapewa chakula."

"Chakula gani?"

"Dengu na chapati. Hakuna nyama."

Akatikisa kichwa. Chakula cha hekaluni, akasema, hakimpiti mwanawe kooni.

Nikamuuliza zamani alikuwa akisafiri vipi kwenda Nairobi. Kwa gari la mjomba wake, akasema, kabla hajaona nilikokuwa nampeleka. Aliyepita njia ile anaijua gurdwara ya Makindu, inayomlisha kila msafiri bila kumuuliza dini wala senti.

"Mbona Makindu ulikula?"

Alicheka mpaka katibu akachungulia. "Ile ilikuwa njaa, dadangu. Tena nilirudia."

Akaomba kalamu, akatia saini fomu. Kwenye nafasi ya maelezo ya chakula akaandika kwamba mtoto hali pilipili.