Mchawi wa kiambatisho changu nimemkamata

Ripoti ileile niliituma mara tatu kwa barua pepe, ikiwa kiambatisho (faili linalobebwa na barua), na mara tatu nikajibiwa kwamba jedwali la ukurasa wa 4 bado lina makosa. Kwenye kompyuta yangu jedwali lilikuwa safi. Washauri hawakukosekana: futa kumbukumbu za kivinjari, zima mashine uwashe. Nilifanya yote. Nilichoambulia ni kutolewa kwenye akaunti zangu zote. Toleo la zamani likaendelea kusafiri.

Nikajitia ujanja wa majina. Faili likawa ripoti_mwisho, kesho yake ripoti_mwisho_kabisa, kisha ripoti_HILI_NDILO. Kumbe jina halibadilishi kilichomo. Nilikuwa nazalisha wajukuu wa faili bovu, kila mmoja na jina la kujigamba kuliko babu yake.

Ndipo nikaamua kupima badala ya kubahatisha. Nilijitumia barua ileile, nikapakua kiambatisho kwenye folda tupu bila kukifungua (ukifungua ukahifadhi upya, kipimo kinaharibika hata kama hukugusa neno). Kwenye Windows fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri), andika certutil -hashfile, acha nafasi, buruta faili ulidondoshe kwenye dirisha hilo, acha nafasi tena, malizia na SHA256. Unapata mfuatano wa herufi na tarakimu 64, kama alama ya kidole ya kilichomo kwenye faili; fanya hivyo kwa kila faili unalotaka kulinganisha. Linux ni sha256sum, Mac ni shasum -a 256. Mfuatano ukitofautiana hata kwa herufi moja, hayo si faili moja.

Kiambatisho kilifanana na faili lililokuwa kwenye Documents, herufi kwa herufi. Kwa hiyo barua pepe haikuwa na hatia, ilibeba nilichoipa. Swali likageuka: masahihisho yangu yako wapi? Nikatazama njia ya faili lililokuwa wazi kwenye Word (anwani ya folda lilimo), na humo nikaona INetCache na Content.Outlook, folda za muda zinazotumiwa na Outlook, programu yangu ya barua pepe. Mchawi huyo! Siku ya kwanza ripoti ililetwa kwangu kwa barua, nami nikaibofya palepale kwenye Outlook. Ukibofya hivyo unafungua nakala ya muda iliyowekwa kwenye folda iliyofichwa. Kila nilipohifadhi kwa Ctrl+S, masahihisho yaliishia huko, na kila nilipoambatisha nilikwenda kuchukua lile la Documents. Ukijikuta hapo, usifunge Word: bonyeza F12 (Save As), hifadhi kwenye folda unayoijua, kisha ambatisha hilo.

Wengine mchawi wao ni mwingine. Kuambatisha mapema halafu ukaendelea kuhariri ni kosa la kawaida: kwenye barua pepe ya kivinjari faili hupakiwa dakika ileile unapolichagua, na rasimu haitajua ulichobadilisha baadaye. Ondoa kiambatisho, weka upya. Kama faili liko OneDrive au Google Drive na umelihariri kwenye kompyuta, usikimbilie kulituma kwa simu kabla usawazishaji (kupakia toleo jipya mtandaoni) haujaisha. Na kiungo si nakala: anayefungua kiungo huona faili lilivyo sasa, mwenye nakala hubaki na lilivyokuwa.

Siku hizi naambatisha mwisho kabisa, baada ya kuandika barua na kabla ya kuweka anwani. Kisha nafungua kiambatisho kutoka ndani ya rasimu na kwenda moja kwa moja kwenye mstari niliousahihisha. Gmail nimeiongezea muda wa kutengua kutuma hadi sekunde 30, maana 5 za kawaida hazitoshi hata kushtuka.

Toleo sahihi lilipokwenda, nikajibiwa tena: jedwali bado bovu! Safari hii sikugusa kitu. Nilimwomba mpokeaji abofye faili kwa kitufe cha kulia, afungue sifa zake, anisomee ukubwa kwa baiti. Haukulingana na wa kwangu. Alikuwa anafungua lile la zamani kwenye Downloads. Jipya lilikuwa pembeni yake, limepewa (3) mwishoni mwa jina.