Jinsi Nilivyolimudu Neno "Run"

Nilipoanza kazi ya kutafsiri kutoka Kiingereza, maneno niliyoyaogopa yalikuwa yale marefu ya sheria na tiba, na kamusi zangu zilichakaa kwa ajili yake. Neno "run" sikuwahi kulitafuta hata mara moja, kwa kuwa nililijua tangu utotoni: ni kukimbia, basi. Ndipo siku moja nikapewa maelekezo ya kufua nguo yenye onyo fupi, "dark colours may run", nami bila kusita nikaandika kwamba rangi nzito zinaweza kukimbia. Mhariri aliirudisha kazi yangu ikiwa na maneno mawili ya wino mwekundu pembeni: "Zinakimbilia wapi?"

Jibu nilikuwa nalo kinywani siku zote, maana kila afuaye husema kwamba nguo imechuja rangi. Kiswahili hakikuniangusha, nililokuwa silijui ni lile neno la Kiingereza nililojidai kulijua.

Nikafungua kamusi, nikazidi kukata tamaa. Peter Gilliver, mmoja wa wahariri wa Oxford English Dictionary, alitumia takribani miezi tisa kulichambua upya neno hilo, na kwa upande wa kitenzi peke yake akafikia maana 645. Kabla ya hapo, katika toleo la pili la kamusi hiyo, la mwaka 1989, neno lililoongoza kwa wingi wa maana lilikuwa "set". Nilijaribu kukariri kwa siku kadhaa, nikaacha.

Kilichoniokoa ni kitenzi chetu cha "piga". Tunapiga simu, pasi, kura, magoti, chafya na mbizi, wala hakuna anayeumizwa. Hatukukariri orodha yoyote. Sikio husubiri neno linalofuata, na maana hujileta yenyewe. Nikaamua kulisoma "run" kwa namna hiyo hiyo, kwamba nisilitafsiri kabla ya kujua kiima chake, yaani mtenda, ni nini na kama lina yambwa, yaani mtendwa.

Kiima kikiwa kitu cha majimaji, mbio hazimo kabisa: pua hutoa kamasi, machozi hutiririka, na bomba huachwa wazi. Hapo nilifaidika kujua kwamba "rinnan" ya Kiingereza cha kale ilihusu kukimbia na pia kutiririka, na kwamba hadi leo Wajerumani wana "rinnen" kwa kutiririka na "rennen" kwa kukimbia. Kumbe maji hayakuazima neno la miguu. Yalikuwamo tangu mwanzo. Kiima kikiwa mtu, na yambwa ikiwa kampuni, mashine au programu ya kompyuta, huwa ni kuendesha au kusimamia. Mkataba nao hudumu, barabara hupita au huambaa, mgombea hugombea. Haya hayakunichukua muda.

Nomino ilinipa taabu zaidi. Katika habari moja ya uchumi nilikuta "a run on the bank", na mkono ulikwisha kuandika "mbio za benki", kana kwamba ni mashindano ya wafanyakazi wake. Ilinibidi niache kutafuta neno moja, nieleze tukio lenyewe: wateja waliingiwa na hofu wakamiminika benki kutoa amana zao. Maneno yaliongezeka, na sijutii, kwa sababu neno moja lisiloeleweka ni ghali kuliko sentensi nzima.

Kuhusu vihusishi, nilivitengea daftari. "Run out of" ni kuishiwa, na "run over" mara nyingi ni kugonga kwa gari. "Run into" ndilo linalonifanya nisimame hadi leo, kwa kuwa hubeba kugonga na kukutana kwa bahati kwa uzito uleule. Juzi nilitafsiri hadithi ambamo dereva, akiwa nje ya mahakama, "ran into an old friend". Kiima, yambwa na mahali vyote havikunisaidia. Nikaacha nafasi wazi, nikaendelea kusoma, na aya mbili mbele nikamkuta rafiki yule mzima wa afya, ameketi ngazini akimkumbusha dereva deni la zamani. Nikarudi nyuma, nikaandika "alikutana".