Nilivyoifikisha sauti ya redio ya gari barazani

Baba yangu alizoea kusikiliza taarifa ya habari ya saa mbili usiku akiwa ndani ya gari lake, Toyota kuukuu linaloegeshwa uani kwetu Ujiji, kwa sababu antena ya gari hilo hukamata stesheni vizuri kuliko redio yoyote iliyomo nyumbani. Goti lilipomzidi, kupanda na kushuka garini kukawa adha, naye akawa anakaa barazani huku mlango wa gari umeachwa wazi ili asikie kwa mbali. Jambo hilo liliniuma sana, nikaazimia kwamba sauti ya redio ile imfuate pale alipo.

Nilinunua spika ya Bluetooth kule Mwanga, hapa hapa Kigoma, nikiamini kwamba kazi ingekwisha kwa dakika chache. Redio ya Kijapani iliyokuja na gari tulikwisha kuiondoa zamani, maana masafa yake ya FM yaliishia megahezi 90 na stesheni nyingi za kwetu ziko juu ya hapo; hii tuliyoifunga baadaye ilikuwa na alama ya Bluetooth usoni. Hata hivyo, jioni nzima redio haikuiona spika, ilhali simu yangu iliiona mara moja. Kesho yake nilimwendea fundi redio mmoja, mtu mzima, naye akanisikiliza mpaka mwisho kabla ya kunijibu: "Mdogo wangu, hapo una masikio mawili, mdomo huna."

Maelezo yake yalikuwa sahihi kabisa, na ndiyo ambayo ningependa mtu ayajue kabla hajatoa fedha yake. Bluetooth ya redio nyingi za gari imewekwa ili ipokee muziki na simu, na spika nayo ni ya kupokea. Vifaa viwili vinavyopokea haviwezi kupelekeana sauti. Kinachohitajika ni transimita, yaani kifaa kidogo kinachochukua sauti kutoka kwenye waya na kuirusha, na ambacho hutumia umeme wa volti 5 kama ule wa kuchajia simu.

Nilichomoa redio kutoka kwenye dashibodi baada ya kutoa waya hasi wa betri. Mgongoni, kando ya soketi kuu, palikuwa na matundu mawili ya duara ya RCA, jekundu na jeupe, ambayo hutoa sauti isiyopitia amplifaya ya ndani. Nilichomeka humo waya wenye pini mbili upande mmoja na pini moja ya milimita 3.5 upande wa pili, nikaiunga transimita. Mtu asichukue sauti moja kwa moja kutoka kwenye waya za spika za milangoni, kwa kuwa nguvu yake ni kubwa mno kwa transimita. Redio isiyo na matundu hayo huhitaji kwanza kifaa cha kuishusha nguvu hiyo.

Transimita haina kioo, hivyo hujiunga na chochote inachokikuta. Mara ya kwanza ilishika spika ya jirani, na ilinibidi nimwombe aizime kidogo ndipo nikaziweka zangu karibu karibu na kubonyeza kitufe mpaka taa ya buluu ikatulia.

Sauti ikatoka, lakini ikiwa na kelele. Transimita ilipopata umeme kutoka kwenye tundu la kiberiti cha gari palikuwa na mvumo usiokatika, na nilipowasha injini ukaongezeka mlio mwembamba uliopanda kadiri nilivyokanyaga mafuta. Nilipoihamishia kwenye pawabenki kelele zote zilinyamaza, na hapo nikajua kwamba tatizo lilikuwa ule waya wa hasi ambao redio na chaja vilikuwa vinauchangia. Pawabenki yenyewe haikufaa, kwa sababu ilijizima kila baada ya muda kwa kuona transimita inavuta umeme kidogo mno. Dawa ya kudumu ilikuwa kiboksi chenye transfoma mbili ndogo ndani, kinachochomekwa kati ya redio na transimita, ambacho hupitisha sauti bila kuziunganisha hasi hizo mbili.

Lilibaki suala la umbali. Nilipoificha transimita nyuma ya redio, sauti ilikatika-katika hata kabla ya kufika barazani, hatua kumi na mbili tu, kwa kuwa bati la gari liliizingira. Niliivuta na kuilaza juu ya dashibodi chini ya kioo cha mbele, nikaigeuza pua ya gari ielekee nyumba, ikakaa sawa. Spika za milangoni nilizichomoa na kuzifunga tepu, ili sauti isitoke pande mbili huku ya barazani ikichelewa kidogo, sehemu ya nukta, nyuma ya ile ya garini.

Betri haiumii sana kwa saa moja ya habari, ila kila siku ya tatu huwasha injini nusu saa. Saa mbili kasoro dakika tano naingia garini, nageuza ufunguo hatua moja bila kuwasha, nafunga mlango na kusubiri. Baba anapoisikia anakohoa mara moja, nami natoka.