Baridi ya Mwezi wa Sita na Kidude Kilichotolewa Garajini

Mwezi wa sita uliopita, kwa muda wa wiki mbili nzima, sindano ya joto kwenye dashibodi ya Corolla yangu ilikataa kunyanyuka. Nilikuwa nikiondoka nyumbani Katuba, hapa Lubumbashi, alfajiri pamoja na watoto, nikiwafikisha shuleni, kisha nikielekea kazini upande wa pili wa mji, na muda wote huo sindano imelala palepale chini kana kwamba injini haijawashwa. Kioo cha mbele kilijaa ukungu wa pumzi zetu, nami nikawa naufuta kwa kitambaa kila baada ya mita mia chache. Nikifungua hewa ya joto, kilichotoka ni upepo uleule wa barabarani. Mwanangu wa mwisho alifikia hatua ya kupanda garini amejifunga blanketi.

Lubumbashi imekaa juu, kwenye mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari, na katika mwezi wa sita na wa saba baridi ya usiku huweza kushuka chini ya nyuzi 10. Hiyo si baridi ya kupasua injini. Katika nchi za theluji, mwenye gari huogopa maji yasigande ndani ya rediata, kwa kuwa maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9 na chuma hakina pa kuyakimbia. Sisi hatuna shida hiyo, na ndiyo sababu wengi wetu hatuna desturi ya kulitengeneza gari kwa ajili ya kiangazi cha baridi. Tunangoja mvua za mwezi wa kumi na moja ndipo tukumbuke matairi na vifuta kioo. Gari langu lakini ni la mwaka 1997, lina usukani kulia kama magari mengi ya mjini humu yaliyotoka Japani na kuingilia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na gari la umri huo hulalamika mapema kuliko mengine.

Kwanza nililaumu batri, kwa sababu kila asubuhi injini ilizungushwa kwa uvivu kabla ya kuwaka. Jirani yangu, mzee aliyestaafu kazi ya reli, aliniazima kipimo chake cha umeme. Batri nzima ya volti 12 iliyopumzika usiku kucha inapaswa kuonyesha karibu volti 12.6, yangu ilionyesha 12.3, si mgonjwa wa kulazwa. Nilifungua waya wa hasi kwanza, kisha wa chanya, nikaosha ule unga wa kijani na mweupe ulioota kwenye vichwa vyake kwa maji ya moto yenye soda ya kuokea, nikasugua kwa brashi ya waya na kupaka grisi. Tangu siku hiyo stata ikazunguka kwa nguvu. Sindano ya joto, hata hivyo, haikusogea.

Mzee alinitazama nikiendelea kuhangaika, akaniambia: «Mwanangu, fungua kifuniko cha oili, uangalie upande wake wa ndani.» Nilipokifungua nilikuta ute mzito wa rangi ya maziwa yaliyotiwa kahawa kidogo. Nilishtuka, nikidhani gasketi ya kichwa cha injini imekufa na maji yanaingia kwenye oili. Akanituliza: kijiti cha kupimia oili kilikuwa safi, na maji ya rediata hayakuwa yakipungua. Ute ule ulikuwa mvuke tu, uliogandamana kwenye injini isiyopata joto la kuukausha. Kisha akaniuliza swali moja: «Termostati yako ilitolewa lini?»

Hapo nikakumbuka. Miaka miwili kabla, mwezi wa kumi, joto likiwa kali kabla ya mvua, gari lilichemka nikiwa kwenye msongamano wa magari. Garaji moja nilikolipeleka lilinirudishia siku hiyohiyo, na fundi akanieleza kwa fahari kwamba ameondoa kidude kilichokuwa kinazuia maji. Nililipa, nikashukuru.

Ninaandika haya hasa kwa sababu ya kidude hicho, maana katika mji wetu sijui ni magari mangapi ya zamani yanayotembea bila hicho. Termostati ni mlango mdogo wenye nta ndani yake. Injini ikiwa baridi, mlango hufungwa na maji huzunguka ndani ya injini peke yake, ili yapate joto haraka. Yakifika kwenye nyuzi 82 hivi, nta huyeyuka na kutanuka, husukuma mlango, na maji huanza kupita kwenye rediata. Ukiutoa mlango huo, maji hupita kwenye rediata tangu dakika ya kwanza, na asubuhi ya mwezi wa sita upepo huyapoza kabla hayajapata joto lolote. Kihisi cha joto nacho huiambia kompyuta ya gari kwamba injini bado ni baridi, na kompyuta, kwa utii wake, huendelea kuongeza petroli kama inavyofanya wakati wa kuwasha. Petroli ya ziada huosha oili kwenye kuta za silinda na kuteremka hadi kwenye oili yenyewe. Buji zangu, ambazo ndugu zetu wa Tanzania huziita plagi, nilizikuta nyeusi tii kwa masizi. Na hata wakati wa joto ile dawa ya fundi haikuwa dawa: katika injini nyingi za aina hii termostati hubeba pia kizibo cha njia ya mkato, na isipokuwepo, sehemu ya maji ya moto huendelea kuzunguka bila kufika kwenye rediata.

Nilinunua termostati mpya kwenye duka la vipuri, lakini sikuiamini kabla ya kuijaribu. Umeme ulikuwa umekatika, kwa hiyo mama watoto aliniachia mbabula, jiko letu la makaa, alipomaliza kupika. Niliitundika termostati kwa uzi ndani ya sufuria ya maji, isiguse chini, pamoja na kipimajoto cha jikoni. Watoto walichuchumaa kuzunguka moto. Kwenye nyuzi 80 hakuna kilichotokea. Ilipopita 83 ukaonekana mwanya mwembamba kama ukucha, kisha mlango ukasogea taratibu hadi, maji yalipokaribia kuchemka, ukawa wazi kiasi cha kupitisha kidole. Kwa urefu wa mji wetu maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, lakini kwa jaribio hili zinatosha.

Kuifunga kulinichukua siku mbili badala ya saa moja. Nilingoja injini ipoe kabisa, kwa kuwa kifuniko cha rediata hushikilia maji yenye joto kupita nyuzi 100, nayo hukurukia usoni ukikifungua mapema. Nikamwaga maji, ambayo yalikuwa na rangi ya kutu kama chai, nikafungua nati mbili zinazoshika kiungo cha bomba la chini. Springi inaelekea ndani ya injini, na kile kivalvu kidogo kinachotikisika kinakaa juu ili hewa ipate pa kutokea; hayo nilikuwa nimeelezwa vizuri. Ambalo sikuelezwa ni kwamba termostati hukaa ndani ya pete ya mpira, na mwenye duka hakunipa pete. Nilitumia gundi ya silikoni. Asubuhi nilikuta dimbwi chini ya gari, nikarudi dukani kutafuta pete, nikafungua kila kitu upya na kukwangua silikoni kwa wembe kwa uvumilivu ambao kazini sijawahi kuuonyesha.

Safari ya pili nilijaza mchanganyiko wa nusu kipozeo chekundu na nusu maji yaliyotoneshwa. Huku kipozeo si cha kuzuia barafu. Kazi yake ni kuzuia kutu kama ile niliyoimwaga. Niliiwasha injini kifuniko kikiwa wazi na hewa ya joto imefunguliwa hadi mwisho, nikaongeza kidogo kidogo kila mapovu yalipotoka, mpaka bomba la juu likawa la moto ghafla mkononi. Oili nayo niliibadilisha.

Jumatatu iliyofuata sindano ilianza kupanda kabla hatujatoka Katuba, na tulipofika katikati ya mji ilikuwa imesimama chini kidogo ya nusu. Kioo kilikuwa kikavu. Blanketi lilibaki kiti cha nyuma, halikufunguliwa. Sasa nimebakiwa na lile lililolifanya gari lichemke siku ile ya kwanza, ambalo fundi hakulitafuta: feni ya rediata, ambayo mara nyingine haiwaki. Nashuku swichi yake ya joto, nayo nataka kuiingiza kwenye sufuria hiyohiyo kabla ya mwezi wa kumi.