Blues za bendi kongwe ndani ya nyumba ya mawe

Rolling Stones, bendi ya rock ya Uingereza, waliingia studio ya British Grove, London, Desemba 2015, wakiwa na nyimbo zao mpya za kurekodi. Wakaanza na blues za zamani za Chicago ili wazoee chumba, na kwa siku 3 tu wakapata nyimbo 12, zilizotoka 2016 kwa jina Blue & Lonesome. Walipiga wote pamoja, chumba kimoja. Bendi zetu za mahotelini, Lamu na Malindi, ambazo wapigaji wake wamezoeana miaka mingi, nazishauri njia hiyo hiyo.

Nyumba ya mawe ya Lamu inafaa, ila uijue. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba kwa kuwa boriti za mikoko hazifiki mbali, na kuta zilizopakwa chokaa zinatazamana. Piga kofi: utasikia mwangwi wa harakaharaka. Dawa yake ni kutundika magodoro ukuta mmoja tu. Ukuta wenye zidaka uache wazi, maana vile vishimo vinatawanya sauti vizuri kuliko povu lolote la dukani. Mkeka sakafuni hausaidii sauti nene ya besi. Pembeni weka godoro zima.

Sauti zitavujiana, na hilo si tatizo ukipanga vipaza sauti (maikrofoni) sawasawa. Kipaza kikiwa sentimita 20 mbele ya amplifaya, kipaza kingine kisiwe karibu nacho chini ya sentimita 60. Ukikaribisha zaidi, sauti moja hufika kwenye vipaza viwili kwa nyakati tofauti, zikafutana, na gitaa likawa jembamba kama linatoka kwenye simu. Tumia vipaza vya dainamiki, vile vigumu vya jukwaani. Vya kondensa, vile vyepesi kudhurika vya studio, huanza kukwaruza kwa unyevu wetu wa pwani.

Amplifaya ndogo ndiyo roho ya kazi hii: wati 5 hadi 15, sauti yake ifunguliwe mpaka ianze kuchanika kidogo. Iliyotengenezwa kwa umeme wa Marekani haitaki volti 240 zetu, itaungua papo hapo. Ipitishe kwenye transfoma ya kushusha hadi 120.

Harmonika, kinanda cha mdomo, huwakosesha wengi. Wimbo wa ufunguo wa E hupigwa kwa harmonika ya A, nguvu ikiwa katika kuvuta pumzi. Kipaza na harmonika vibanwe pamoja viganjani bila upenyo, vinginevyo ule unene wa sauti hauji. Kikianza kupiga mluzi, mpigaji ageuke asitazamane na amplifaya yake. Chukueni harmonika yenye mwili wa plastiki, kwa sababu wa mbao hufura kwa mate na unyevu, ukakata midomo.

Anzeni baada ya Isha, adhana isikatize wimbo. Mtu akikosea, msijaribu kuziba pale pale kwa kurekodi upya kipande chake tu: gitaa lililofutwa litaendelea kusikika ndani ya vipaza vya dramu. Rudieni wimbo wote, mara mbili au tatu, kisha mwende kwenye unaofuata.