Bamia za Fethiye

Septemba 2019 nilimpeleka mama likizo Uturuki. Alikuwa amekuja Leicester, Uingereza, kunitembelea kutoka Tanga, na baridi ilikuwa imeanza kumwingia mifupani. Nikapata safari ya wiki mbili ya bei nafuu, ndege na hoteli kwa pamoja, kwenda Hisarönü, kimji cha mlimani juu kidogo ya ufukwe wa Ölüdeniz. Nikamwambia, "Mama, tunakwenda nchi ya Waislamu. Jua lipo, bahari ipo, na kwa chakula wanasifika." Hilo la chakula ndilo alilolishika.

Siku tatu za kwanza nilishindwa kumtazama usoni. Asubuhi mezani pale hotelini ilikuwa maharage ya kopo, soseji, mayai, na vipande vyembamba vya nyama ambayo nilimzuia mama kwa haraka asiiguse. Alikula mkate, nyanya na zeituni. Jioni tukatoka kutafuta. Barabara kuu ya Hisarönü ina mikahawa huku na huku, na mbele ya kila mmoja yuko kijana na menyu ya picha, anakuita kwa Kiingereza safi kabisa. Menyu ni moja, lakini ndani mna pitsa, kari ya Kihindi, wali wa Kichina na vyakula vya Meksiko. Wageni wengi wa pale wanatoka Uingereza na ndivyo wanavyotaka, kwa hiyo siwalaumu wenye biashara. Ila mimi nilikuwa na mgeni wangu.

Usiku wa pili tuliingia palipoandikwa kwamba ni pa Kituruki hasa. Tukaletewa kebab ya chungu: chungu kinafika kimezungukwa na moto, mhudumu anakigonga shingo kinavunjika, watu wa meza za jirani wanapiga picha. Baadaye nilikuja kujua kwamba pishi hilo ni la kweli, lakini kwao ni Anatolia ya kati, upande wa Yozgat na Kapadokia, mbali sana na ile bahari. Cha kwetu kilikuwa nyama ngumu ndani ya nyanya za kopo. Mama alichovya mkate mara mbili, akaweka kijiko pembeni, akanyamaza. Mama yangu chakula kikiwa kibaya kidogo husema. Kikiwa kibaya sana hunyamaza.

Tulipokuwa tunarudi, akaniuliza, "Yule kijana aliyetuhudumia, akimaliza kazi anakula nini?"

Nikamwambia sijui.

"Hiki hali. Mtu mwenye mama yake hawezi kula hiki kila siku. Wana chakula chao mahali. Tukitafute."

Jumanne tukapanda dolmuş kwenda Fethiye, mji wenyewe, kama dakika ishirini kuteremka. Dolmuş ni basi dogo, na jina lake maana yake ni "iliyojaa". Mama alipenda sana kulijua hilo, maana daladala ni hiyo hiyo kwa jina lingine. Kilichomshtua ni nauli. Konda hakuna. Aliyekaa nyuma anampa wa mbele yake, wa mbele anampa mwingine, hela inakwenda mkono kwa mkono mpaka kwa dereva, na chenji inarudi njia hiyo hiyo. Msichana nyuma yetu alimgusa mama bega, akamwekea noti kiganjani. Mama akaishika, akanitazama, hajui aifanyeje. Nikaichukua nikaipitisha mbele. Akaisindikiza kwa macho mpaka ilipofika.

Jumanne ndiyo siku ya soko kubwa la Fethiye. Huko tuliwakuta kina mama wa vijijini wamekaa chini wanasukuma unga kwa kijiti chembamba kirefu mpaka unaangaza, wanautia jibini na spinachi, wanaukunja na kuuchoma juu ya bati lililobinuka kama mgongo wa kobe. Wanaita gözleme. Mama alikula mbili akiwa amesimama, na ndiyo mara ya kwanza nilimwona anatafuna kwa raha tangu tufike. Siku iliyofuata tukaenda soko la samaki, unakonunua samaki wako katikati kwenye meza za barafu, kisha mmoja wa mikahawa inayolizunguka soko anakupikia kwa malipo kidogo. Samaki alikuwa mzuri, sina neno. Lakini mama akasema, "Samaki wa kuchoma hata Deep Sea, kwetu Tanga, yupo. Mimi nataka sufuria yao."

Hapo ndipo nilipoelewa anachokitafuta. Alitaka mchuzi. Alitaka chakula kilichokaa motoni tangu asubuhi, ambacho huwezi kumpikia mgeni papo hapo akiagiza.

Ijumaa asubuhi akaniamsha na shauri lake. Adhana alikuwa anaisikia kila siku, akawaza: leo wanaume watajaa msikitini, wafanyakazi wa maduka, mafundi, madereva, na wakitoka watakuwa na njaa. "Tukakae karibu na msikiti. Wakitoka, tuwaangalie wanakwenda wapi."

Ndivyo tulivyofanya. Karibu na Paspatur, zile njia nyembamba za soko la zamani, tulipata kivuli mkabala na msikiti, tukakaa na chupa yetu ya maji. Fethiye si mji wa nyumba kongwe, maana tetemeko la 1957 liliuangusha karibu wote, lakini ukiinua macho unaona makaburi ya Walikia, watu wa kale wa pwani ile, yamechongwa kwenye mwamba juu ya mji, yana nguzo kama mahekalu. Kubwa lao, la Amyntas, ni la karne ya 4 kabla ya Kristo. Mimi nilikuwa nayatazama hayo. Mama alikuwa anatazama mlango wa msikiti.

Mnamo saa saba na nusu wakatoka. Wengi walitawanyika, lakini wako waliokata kona moja, watatu, wanne, watano, mmoja na ovaroli yenye grisi mpaka kwenye viwiko. Mama akanyanyuka. "Wale."

Tukawafuata kwa mbali kidogo mpaka uchochoro wa nyuma, kwenye maduka ya vipuri na mafundi cherehani. Pale palikuwa na mlango wa kioo usio na picha hata moja wala kijana wa kuita watu. Juu umeandikwa lokanta, yaani mkahawa, na chini yake maneno mawili niliyoyatafuta kwenye simu: ev yemekleri, vyakula vya nyumbani. Tangu siku ile, kokote Uturuki, macho yangu hutafuta maneno hayo.

Tulipoingia, mwanamume wa makamo nyuma ya kaunta akainamisha kichwa kwa mama, akamwambia, "Merhaba."

Mama akageuka kwangu. "Mbona ananiitikia, na mimi sijamwamkia?"

Nikacheka mpaka nikashika ukuta. Nikamweleza kwamba kwao hiyo ni salamu ya kuanzia. Mama akafikiri kidogo, akamgeukia yule bwana, akamjibu kwa heshima zote, "Marahaba." Yule bwana akafurahi, akamwita teyze, yaani mama mdogo, akatuonyesha kwa mkono tusogee kwenye kioo.

Nyuma ya kioo mlikuwa na trei za chuma kumi na kitu juu ya maji ya moto, kila moja inatoa mvuke. Huagizi kwa kusoma, unanyoosha kidole. Maharage meupe kwenye mchuzi mwekundu. Dengu. Biringani zilizopasuliwa tumbo na kujazwa nyama ya kusaga. Maharage mabichi ya mafuta ya zeituni, ambayo huliwa yakiwa yamepoa (mama aliyagusa bakuli, akataka kurudisha, nikamwambia ndivyo yalivyo). Wali umechanganywa na tambi fupi zilizokaangwa zikawa za kahawia. Mwishoni kabisa kulikuwa na trei ya vitu vya kijani vidogo, kila kimoja kama ncha ya kidole cha mwisho, ndani ya mchuzi wa nyanya na vipande vya nyama ya kondoo.

Nikauliza kwa ishara, hiki nini?

"Bamya," akasema.

"Kasema bamia?" Mama alikuwa tayari amenipita, pua karibu igonge kioo. "Bamia?"

"Bamya, teyze, bamya."

"Bamia!"

Wakasimama wanarudishiana neno lile kama watoto, na yule mwenye ovaroli kwenye meza ya kwanza akawa anacheka na kijiko mkononi.

Tulikaa. Mkate ulikuja kwenye kikapu bila kuagizwa, na pilipili za kusindika, na jagi la maji. Supu ya dengu ilikuja kwanza, na kipande cha limau pembeni, na juu yake siagi iliyoyeyushwa na pilipili nyekundu ya kuparaza. Mama alikamua limau, akaonja, akakamua tena. Kisha akavuta sahani ya bamia. Akachukua moja kwa kijiko, akainyanyua juu, akasubiri. Haikuvuta. Hakuna uzi hata mmoja uliofuata kijiko. Kwetu bamia lazima zivute, ndiyo maana wengine hawazitaki. Mama mwenyewe huzikata vipande na kuzikoroga. Hizi zilikuwa nzima, laini, zina uchachu, kila moja imeshika umbo lake. Alizila polepole, mbilimbili, na mchuzi akaufuta na mkate mpaka sahani ikang'aa.

"Amezifanyaje huyu?" akauliza. Hakuniuliza mimi.

Chai ikaja kwenye vigilasi vyembamba kiunoni, nayo hatukuiagiza. Tulipotaka kulipa nikasema neno nililolikariri, hesap. Mama akalidaka na hilo, "Hesabu wanaiita hivyo hivyo?" Ikaja lira 46 kwa watu wawili tulioshiba. Ile kebab ya chungu ilikuwa imetutoa zaidi ya mara nne ya hapo.

Jumapili tulikuta pamefungwa. Jumatatu tulichelewa ufukweni, tukafika saa tisa alasiri, trei zimeoshwa zimepangwa. Yule bwana akafungua mikono, kimekwisha, akatuonyesha saa ya ukutani: mchana, njooni mchana. Mama alikasirika njia nzima, akisema kosa ni letu, hata kwa mama ntilie wa Ngamiani ukienda saa tisa utakuta sufuria zinasuguliwa.

Basi Jumanne akanipeleka mapema mno, saa nne asubuhi. Viti vilikuwa bado juu ya meza. Lakini mlango ulikuwa wazi, na kwenye kiti kifupi karibu na mlango wa jikoni alikaa mama mmoja wa umri wa mama yangu, kitambaa cha maua kichwani, beseni la bamia mapajani. Nadhani alikuwa mke wa yule bwana.

Mama hakuuliza ruhusa. Alishusha kiti, akakaa mbele yake, akatazama. Yule mama alikuwa na kisu kidogo. Anashika bamia, anaizungusha, na kisu kinachonga kile kichwa chake kama unavyochonga penseli, mpaka kinabaki kama pia ndogo. Tundu halitokei. Mama akaona. Akanyoosha mkono, akapewa kisu. Ya kwanza aliichonga kwa pupa, ikatoboka, na ule utelezi ukatoka. Yule mama akaichukua, akamwonyesha mahali ulimi wa kisu ulipopenya, akatikisa kichwa, akampa nyingine. Ya tatu ilitoka sawasawa. Wakaendelea, kila mmoja na kisu chake, beseni katikati ya magoti yao.

Maneno waliyokuwa nayo ni machache. Yule mama alionyesha bakuli la maji akasema limon, mama akajibu limau. Akanyanyua vidole vyote kumi, akasema on dakika, mama akanigeukia macho yamemtoka: "Dakika kumi, zinalowekwa kwenye maji ya limau!" Kisha akaonyesha mwiko, akautikisa kidole, la, la. Usikoroge. Mama akainua mikono yote miwili kukiri kwamba yeye hukoroga. Wakacheka sana. Nilikaa kwenye meza ya pembeni na chai yangu, na sikutafsiri kitu, maana hapakuwa na kitu cha kunihitaji.

Tulikula saa sita, wa kwanza kabisa. Sahani ya mama ilikuwa imejaa kupita zote, na alipokuwa anaondoka yule mama alimtilia mkononi mfuko wa pilipili ile nyekundu, umefungwa fundo.

Dolmuş ya kurudi ilikuwa imejaa kama jina lake. Nilikuwa bado natafuta pochi nilipomwona mama amekwisha toa noti yake. Akamgusa bega mzee aliyekaa mbele yetu, akampa, akasema kwa sauti ya mtu wa pale, "Hisarönü, iki kişi." Watu wawili. Sijui alijifunza lini. Mzee akaipitisha bila kugeuka, na mama akakunjua kiganja, akaanza kusubiri chenji yake.