Leo nimeaibishwa na mstari mmoja tu

Jamani mimi hesabu nilikuwa naziweza, msinicheke.

Jioni hii mtoto wa dada kaja na daftari, kidato cha kwanza huyu, anasema anko nisaidie, tumepewa grafu tutafute ikwesheni ya mstari. Nikasema leta hapa, hiyo ya kusukuma tu na chai.

Nikaanza kwa mbwembwe. Namba ya mwisho ya ikwesheni ni pale mstari unapokata mhimili wa Y, si ndio? Nikahesabu vibox, viwili. Halafu gradienti, yaani mwinuko wa mstari, unaenda kulia vitatu unapanda vitatu, tatu gawa kwa tatu ni moja. Nikaandika y = x + 2, nikapiga na mstari chini kabisa kama mwalimu.

Mtoto kimyaaa.

Halafu akaweka kidole, kidogo kina wino wa bluu, kwenye nukta moja ya mstari. "Anko, hapa x ni 3, yako inatoa 5. Mbona kwenye grafu ni 10?"

Kuangalia vizuri, kumbe kila kibox cha Y ni 2 na cha X ni 1! Mstari unakata kwenye 4, na kutoka 4 mpaka 10 ni 6, gawa kwa 3 ni 2. Jibu y = 2x + 4.

Kafuta yangu taratibu, kwa heshima kabisa, ndo kilichoniuma 😂

Nani mwingine kashaumbuliwa na homuweki ya mtoto? Njooni hapa nisiwe peke yangu